Maua Yasiyoogopa Theluji: Habari za Rododendroni na Azalea

Mkulima wa Kinangop au wa Limuru hahitaji kufundishwa maana ya jalidi. Amekwisha kuamka alfajiri, baada ya usiku usio na wingu, akakuta majani ya viazi vyake yamelala chini, meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Jalidi hiyo kwetu huja usiku mmoja au siku chache na kwenda zake, nayo yatosha kumtia mtu hasara ya msimu mzima. Basi na aifikiri nchi ambayo maji ya ziwa huganda hata motokaa hupita juu yake, ardhi huwa ngumu kama jiwe kwa miezi mingi, na kipimo cha joto huweza kushuka kupita nyuzi 30 za sentigredi chini ya sufuri. Je, katika nchi ya namna hiyo mtu aweza kuwa na bustani yenye mashada ya maua makubwa kama vichwa vya kabichi, mekundu, meupe na ya zambarau, juu ya miti ambayo haikuvua majani yake wakati wote wa baridi?

Aweza, na wako maelfu wanayo. Miti hiyo huitwa rododendroni, na ndugu zake walio wadogo zaidi huitwa azalea. Lakini bustani hizo hazikupatikana kwa siku moja, wala hazikupatikana kwa kuifunika mimea minyonge kwa magunia na kuomba jua litoke. Zilipatikana kwa kazi ya kuchanganya na kuchagua iliyochukua zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na katika kazi hiyo baridi yenyewe ndiyo iliyokuwa hakimu. Mtu afugaye ng'ombe wa gredi, au apandaye mahindi ya mbegu bora, ataitambua kazi hii mara moja.

UKOO WENYEWE

Jina rododendroni latokana na maneno mawili ya Kiyunani, waridi na mti. Ukoo huu ni mkubwa sana. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya elfu moja ziotazo porini, na nyingi kati ya hizo ni za milima ya Himalaya na ya magharibi ya Uchina. Nyingine ni za Japani, Korea, Caucasus, Marekani, na hata visiwa vya joto vya Borneo na New Guinea. Afrika yetu, kusini ya jangwa kuu, haina hata moja ya asili. Lakini jamaa zao tunao. Ile miti ya mlimani yenye majani madogo kama sindano, iliyoning'inia kuvumwani kama ndevu za mzee, ambayo mpandaji wa Mlima Kenya au Kilimanjaro huikuta akiisha kutoka msituni, ni ya jamii moja na rododendroni. Nao wa jamii hii, karibu wote, wana tabia moja: hupenda udongo mchachu na huchukia chokaa. Tutarudi kwenye neno hilo.

Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1753, aliziweka azalea mbali na rododendroni kama watu wa koo mbili. Waliomfuata waliona ya kuwa tofauti haitoshi, wakaziunganisha. Hata hivyo watunza bustani wameshikilia majina yote mawili, nasi tutafanya vivyo hivyo. Mwenye kutaka kuzitambua na alichungulie ua: azalea kwa kawaida ina nyuzi tano za kiume, zile zichukuazo chavua, na rododendroni huwa nazo kumi au zaidi. Tena rododendroni nyingi zina majani mazito kama ngozi, yasiyopukutika. Bali azalea za nchi za baridi kali huvua majani yao yote na kusimama uchi hata majira ya kuchipua.

WAREMBO NA WAGUMU

Mwaka 1848 Mwingereza mmoja, Joseph Dalton Hooker, aliingia katika milima ya Sikkim kutafuta mimea kwa ajili ya bustani ya Kew iliyo London. Safari yake haikuwa ya raha. Mwishoni mwa mwaka 1849, baada ya kuvuka mpaka wa Tibet kinyume cha matakwa ya watawala, yeye na mwenzake Dr. Campbell walikamatwa wakawekwa kifungoni kwa majuma kadhaa. Lakini mbegu zake zilifika Kew, na Waingereza walipoziona picha za rododendroni za Himalaya walishikwa na wazimu. Palikuwa na zile zenye maua mekundu kama damu, na zile zenye majani marefu kuliko mkono wa mtu kutoka kiganjani hata kiwiko. Kila tajiri mwenye bustani alizitaka.

Walakini warembo hao walikuwa na ila. Huko Cornwall na pwani ya magharibi ya Scotland, ambako bahari huipunguza baridi, walistawi vizuri. Mbali na bahari walikufa. Mtu aliweza kumtunza mti wake miaka kumi, akaona ua mara moja, na baridi ya mwaka uliofuata ikamwachia kuni.

Upande wa pili wa dunia, juu ya milima ya Appalachia huko Marekani, kulikuwa na rododendroni nyingine isiyojivuna. Jina lake la kitaalamu, catawbiense, lilitokana na mto Catawba. Ua lake ni la zambarau, wala rangi hiyo haikuwapendeza watu wote; wako walioilinganisha na nguo iliyofuliwa mara nyingi. Lakini tumba zake zaweza kuvumilia baridi ya karibu nyuzi 30 chini ya sufuri. Ililetwa Uingereza mwaka 1809, na wenye vitalu wakaanza kuichanganya na zile za rangi nzuri. Aliyejulikana kuliko wote katika kazi hiyo ni Anthony Waterer wa Knap Hill, katika jimbo la Surrey. Miti yake ilionyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya Philadelphia ya mwaka 1876, na Wamarekani wa majimbo ya kaskazini-mashariki wakainunua kwa wingi, wakaipanda, na kungoja kuona ipi itakayopona. Zile zilizopona walizipa jina la manowari zilizovikwa mabamba ya chuma. Baadhi yake, kama vile 'Roseum Elegans', zauzwa hata leo, nazo hazina haja ya kusifiwa na mtu.

Kwa nini hawakuzichanganya zote siku ya kwanza, mambo yakaisha? Kwa sababu chotara hapati kila kitu kizuri cha baba na kila kitu kizuri cha mama. Ng'ombe wa kienyeji astahimili kupe na ukame, na ng'ombe wa Ulaya atoa maziwa mengi. Lakini katika ndama wao wako watakaopata unyonge wa mmoja na ubahili wa maziwa wa mwingine. Watu wa Kitale, walipoyachanganya mahindi ya huku na mahindi kutoka Ecuador wakapata mbegu ya 611 iliyotolewa mwaka 1964, walitupa mengi kabla ya kupata hayo. Nao walikuwa na bahati, maana mahindi hujionyesha katika msimu mmoja. Rododendroni iliyopandwa kwa mbegu yaweza kuchukua miaka mitano, minane au hata kumi kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Mtu aanzaye kazi hii akiwa kijana hupata majibu machache tu kabla ya mvi.

TUMBA NDILO LA KUTAZAMA

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wauzaji wa miche hawalisemi kwa sauti kubwa. Mtu akikuambia, "Rododendroni hii yastahimili baridi," muulize, ni mti ustahimilio au ni ua? Kwa maana hayo ni mambo mawili. Rododendroni hulifanya tumba la ua la mwaka ujao katika majira ya joto ya mwaka huu. Tumba hilo, nene kama ncha ya kidole, hukaa juu ya tawi wakati wote wa baridi, na ndani yake viua vingi vidogo vimekwisha kuumbwa. Mti waweza kuokoka, shina na majani, na tumba lote likafa. Ukilipasua katika majira ya kuchipua utajua: lililo hai ni la kijani ndani, na lililokufa ni la rangi ya kahawa. Hapo mwenye bustani anao mti wenye afya, asiwe na hata ua moja. Atangoja mwaka mwingine, na huenda ule nao ukawa vivyo hivyo.

Namna tumba lijilindavyo ni ya ajabu. Baridi inaposhuka, barafu huanza kufanyika katika magamba ya nje ya tumba, nayo huvuta maji kutoka ndani, hata viua vichanga hubaki vimekauka kidogo. Maji machache yaliyosalia ndani yake hayagandi. Hata yakipoa nyuzi 20 chini ya sufuri, na katika aina zilizo ngumu zaidi ya hapo, hubaki majimaji. Lakini hali hii ina mpaka wake, na kila aina ina mpaka wake yenyewe. Mpaka ukivukwa, maji yale huganda kwa ghafula, na viua hufa kimoja kimoja. Ndiyo sababu mara nyingine huonekana shada lililofunguka nusu, maua matatu mazuri upande mmoja na upande wa pili makavu matupu.

Tena mpaka huo haukai mahali pamoja mwaka mzima. Siku zinapofupika na usiku kuwa baridi, mti huacha kukua na kujikaza kidogo kidogo, kama mtu afungaye mizigo yake kabla ya safari. Kufikia Januari umekuwa mgumu kabisa. Siku zinapopata joto tena huulegeza ugumu wake upesi. Kwa hiyo tumba lililodharau nyuzi 30 mwezi wa Januari laweza kuuawa na jalidi ndogo ya mwezi wa Mei, wakati limekwisha kuvimba.

Majani nayo yana hila yake. Baridi inapofika, majani ya rododendroni huinama chini. Ikizidi, hujikunja kwa urefu hata kuwa membamba kama kalamu ya risasi. Watu wa nchi hizo hutazama dirishani asubuhi na kukisia ukali wa baridi kwa majani hayo. Mgeni hudhani mti unakufa, kumbe unajihifadhi, kwa maana jani lililoganda likipigwa na jua kali hudhurika, na lililokunjwa hupokea jua kidogo.

MASHAMBA YA UFINI

Ufini ni nchi ya kaskazini mwa Ulaya, kati ya Uswidi na Urusi. Majira matatu ya baridi yaliyofuatana huko, tangu 1939 hata 1942, yaliua mitofaa kwa wingi sana. Katika nchi kama hiyo hata zile rododendroni za chuma za Wamarekani si za kutegemewa kila mahali.

Mwaka 1902, katika shamba la Mustila lililo Elimäki, kusini mwa nchi, mwenye shamba A. F. Tigerstedt alianza kupanda miti ya nchi za mbali ili aone ipi itaweza kuishi Ufini. Hakutafuta maua hasa. Alitaka miti ya misonobari na jamaa zake. Lakini katika mimea iliyokuja kukua Mustila ilikuwamo rododendroni moja ya asili ya milima ya Korea. Majani yake ni mapana, ua lake ni jeupe au lenye wekundu hafifu, nalo huchelewa kufunguka. Karibu na warembo wa Himalaya yaonekana kama msichana wa shamba aliyeingia arusi ya mjini. Lakini baridi zilikuja moja baada ya nyingine, nayo ikaendelea kutoa maua. Baadaye wataalamu waliipa jina la ukoo wa Tigerstedt.

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Helsinki kilianza kazi ya kuzalisha rododendroni za Ufini, ikiongozwa na Profesa Peter Tigerstedt, mtu wa ukoo huo huo, pamoja na Marjatta Uosukainen. Mti wa Korea ndio waliouchukua kuwa mzazi mkuu. Ua la mzazi wa kike huondolewa nyuzi zake za kiume kabla halijajichavusha, hupakwa chavua ya mzazi mwingine mwenye rangi nzuri, kisha hukingwa nyuki wasije wakaharibu hesabu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Miche iliyopatikana ilikuwa maelfu kwa maelfu, nayo ikapandwa nje, mahali mbalimbali.

Kisha wakangoja. Na hapa ndipo kazi ya mzalishaji ipitanapo na kazi ya mkulima wa kawaida. Mkulima huomba mwaka mwema. Mzalishaji wa mimea ya baridi, akipata majira mema ya baridi mwaka baada ya mwaka, hajifunzi lolote, kwa kuwa wanyonge na wagumu wote wachanua pamoja. Katikati ya miaka ya 1980 hawakunyimwa somo hilo. Baridi kali zilifuatana, na Januari 1987 katika mji wa Helsinki ilishuka hata nyuzi 34 chini ya sufuri. Ilipofika majira ya kuchipua, ilikuwa kazi ya kupita katikati ya miche na kuangalia ni nani aliyebaki na tumba zilizo hai. Walioanguka walikuwa wengi mno. Yafaa kusema wazi kwamba hao walioanguka ndio waliowapa thamani waliosimama. Bila wao mtu asingejua lolote.

Katika waliosimama walichaguliwa wachache, wakapewa majina. 'Helsinki University' ni ya rangi ya waridi, nayo yahesabiwa kuwa miongoni mwa zile ngumu kuliko zote. 'Haaga' pia ni ya waridi. 'Mikkeli' ni nyeupe na huchelewa kuchanua, hata wenzake wamekwisha kupukutisha maua, na kwa hiyo mwenye bustani aliyepanda zote mbili hupata majuma mengi ya maua badala ya machache. 'Elviira' ni fupi na nyekundu. Ufupi wake ni faida, kwa kuwa theluji huifunika kama blanketi, na chini ya theluji baridi hupungua sana. Ndivyo ilivyo kwa mimea yote huko: theluji nyingi ni rafiki, na baridi kavu isiyo na theluji ndiyo adui.

Miche ya kazi hii ilipandwa pia, kuanzia mwaka 1975, katika kinamasi chenye misonobari kwenye kitongoji cha Haaga katika mji wa Helsinki. Mahali hapo pamekuwa bustani ya watu wote. Kwa kuwa ardhi ni tepetepe wametengeneza njia za mbao, na mwezi wa Juni, maua yanapofunguka, watu hupita juu yake kwa wingi na watoto wao, hata mtu hulazimika kungoja mwenziwe amalize kupiga picha. Haitozwi ada ya kuingia.

AZALEA ZA MINNESOTA

Azalea zilipata mtetezi wao katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, ambako upepo wa Kanada huingia bila kuzuiwa na mlima wowote. Chuo Kikuu cha jimbo hilo kilianza kuzichanganya mwaka 1957. Walichukua azalea za bustani zenye maua makubwa, ambazo asili yake ni ya Uchina na Japani, wakazichanganya na azalea ya porini ya Marekani yenye maua ya waridi na harufu kama ya karafuu. Chotara wa kwanza walitolewa kwa watu mwaka 1978 kwa jina la 'Northern Lights', yaani ile mianga ya ajabu ionekanayo usiku katika anga za kaskazini. Baada yao zikaja 'Rosy Lights' na 'White Lights' mwaka 1984, na nyingine za manjano na za rangi ya chungwa katika miaka iliyofuata. Tumba zake hustahimili nyuzi 34 chini ya sufuri, na za baadhi yake hata karibu na 40.

Kwa maoni yetu, mtu wa nchi ya baridi ambaye hajawahi kupanda mimea hii na aanze na azalea hizi. Kwa kuwa huvua majani, hazipatwi na balaa ya mwezi wa Machi iuayo rododendroni nyingi: jua hupata nguvu, majani hutaka maji, na mizizi imefungwa ndani ya ardhi iliyoganda, haiwezi kunywa. Mti hukauka kwa kiu huku umesimama juu ya barafu. Watu husema baridi imeuua, kumbe ni jua.

Jambo moja mnunuzi asilisahau. Mbegu ya rododendroni au azalea yenye jina haitoi mti wa jina hilo. Kama vile mtu asivyopata ndizi ya namna moja ila kwa chipukizi, wala muhogo ila kwa kipande cha shina lake, vivyo hivyo 'Mikkeli' hutoka katika kipande cha 'Mikkeli'. Siku hizi vipande vidogo mno hukuzwa ndani ya chupa katika maabara, na kwa njia hiyo mti mmoja uliochaguliwa waweza kuzaa maelfu katika muda mfupi. Kabla ya hapo chotara bora aliweza kukaa miaka mingi mikononi mwa watu wachache.

UDONGO NA MAHALI

Watu wa Kericho na wa Limuru watauelewa udongo wa rododendroni bila taabu, kwa sababu ni kama ule upendwao na chai: mchachu, mwepesi, wenye mboji nyingi, na usiotuamisha maji. Kwa kipimo cha uchachu ambacho saba ni katikati, chai na rododendroni zote hutaka kati ya nne na nusu na tano na nusu hivi. Penye chokaa, rododendroni hushindwa kupata madini ya chuma yaliyomo ardhini. Majani hugeuka manjano na mishipa yake kubaki ya kijani, na mti hudhoofu hata kufa. Kuutilia samadi mbichi au majivu ni kuuongezea ugonjwa.

Mizizi yake ni myembamba kama nywele nayo haiendi chini. Kwa hiyo shimo liwe pana kuliko kina, lijazwe udongo uliochanganywa na mboji nyeusi ya kinamasi, ambayo Wafini wanayo tele, pamoja na magome ya msonobari yaliyokatwakatwa. Mti upandwe juu juu, usizikwe zaidi ya ulivyokuwa katika kopo lake. Juu hutandazwa majani ya msonobari, nayo huachwa yaoze hapo hapo. Jembe lisipite karibu na shina kamwe. Kazi ya kupalilia ni ya mkono.

Mahali pazuri ni penye kivuli chepesi cha misonobari mirefu, au upande wa nyumba usiopigwa na jua la adhuhuri, pasipo na upepo. Kivuli kizito hukosesha maua. Kabla ardhi haijaganda mti hunyweshwa maji mengi, na mwezi wa Machi wenye bustani waangalifu huukinga kwa kitambaa upande wa jua. Mbolea isitiwe baada ya katikati ya majira ya joto, kwa kuwa itauamsha mti utoe machipukizi laini wakati upasao kufunga mizigo yake.

Mwenye mifugo na asikie neno hili pia. Majani na maua ya rododendroni na azalea yana sumu. Mbuzi na kondoo waliovunja ua na kula majani yake wakati wa theluji, ambapo hakuna jani jingine la kijani, hutapika, huyumba, na pengine hufa. Hata asali yaweza kuwa na sumu pale ambapo nyuki wamepata maua hayo peke yake. Xenophon, mwanajeshi na mwandishi wa Kiyunani, alieleza jinsi askari waliokula asali katika nchi ya Bahari Nyeusi mwaka 401 kabla ya Kristo walivyoanguka kama walevi, wasiweze kusimama, wakapona baada ya siku chache. Aina ya rododendroni iotayo pia katika nchi hiyo, yenye maua ya zambarau, ilipelekwa Uingereza katika karne ya 18 kwa ajili ya kupamba, nayo ikatoroka bustanini ikafunika misitu mizima. Wataalamu wamegundua kwamba katika sehemu za baridi za Scotland imechanganyika na ile ngumu ya Catawba, na damu hiyo yaelekea kuwa ndiyo iliyoiwezesha kukaa huko. Serikali na wenye misitu wametumia fedha nyingi kuing'oa. Rododendroni za Ufini hazijasumbua namna hiyo.

Baada ya maua kunyauka, mashada makavu huvunjwa kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kwa maana chini yake kabisa yako machipukizi mapya. Mti usioachiwa kufanya mbegu hutumia nguvu zake kwa tumba. Mwezi wa Agosti, mwenye bustani akipita asubuhi, aweza kuzihesabu tumba za mwaka ujao juu ya kila tawi: zile nene za mviringo ni za maua, na zile nyembamba zilizochongoka ni za majani tu.